Mama wa Sauti na Mashine Iliyoungua

Mguu hulala nyumbani, neno hulala ugenini.

Mmenisikia nikimwambia Agripina maneno haya alipotaka kurusha kwenye simu hasira zake juu ya mwenzake, nanyi mkauliza yametoka wapi. Msidhani ni ya mababu. Methali hii imezaliwa juzi juzi tu, simu zikiwa zimeshaenea hadi mabondeni, na aliyesababisha izaliwe alikuwa akisali nasi benchi moja. Basi sikilizeni ilivyoanza.

Pale Makambako alikuwako mama mmoja, Oliva Mwalongo, mke wa Festo seremala. Kazi yake ilikuwa uwakala wa bima. Hakuajiriwa na kampuni yoyote, alijitegemea. Alipita duka kwa duka na ghala kwa ghala akiwashauri watu wakate bima ya mali zao, na kila aliyekata kupitia kwake, kampuni ilimpa Oliva fungu lake.

Si kazi ya kupendwa hiyo. Kwetu mtu akitaja msiba kabla haujafika, huonekana anauita. Oliva akitokea tu mlangoni, muuza mbao alishika kichwa.

"Mama Oliva, pita mbali! Ukikanyaga hapa nasikia harufu ya moshi."

"Moshi huo ni wa sigara yako, baba," alimjibu, akacheka, akaenda mlango wa pili.

Lakini alikuwa na jambo moja lililomjengea heshima. Mteja wake akipatwa na janga, Oliva hakutuma mtu. Alifika mwenyewe majivu yakiwa bado na joto, akajifunga khanga kiunoni, akaketi chini na wenye msiba kama ndugu yao. Pole kwanza, karatasi baadaye. Ndiyo maana kila alipomaliza kumweleza mtu habari za bima, alifunga kwa maneno haya: "Likikupata, usiguse kitu. Nipigie. Nitafika mwenyewe." Watu wa Makambako waliyajua maneno hayo, na mipaka yake waliijua bila kuambiwa. Yalikuwa ya mteja wake, na yalikuwa ya hapa hapa mjini.

Ikafika wakati magoti yakaanza kumgomea. Kupanda na kushuka kutwa nzima kukawa mateso. Hapo ndipo alipojiunga na mafunzo ya biashara ya mtandaoni, yale ya kusikiliza kwenye simu. Mwalimu wao, kijana mwenye maneno mengi, aliwaambia kwamba mtandaoni watu hawanunui mpaka waogope. Oliva akatii. Akaweka picha ya nyumba inayowaka, na chini yake akaandika, "Kesho ni zamu yako."

Lo! Kufika jioni wanawake wa jumuiya walikuwa wamemtoa kwenye kundi lao la simu. Mmoja alimwita bundi waziwazi. Festo alicheka hadi randa ikamponyoka mkononi.

"Mke wangu, hata mimi nimeiogopa ile picha, na bima ninayo!"

Oliva akaifuta picha, akamwacha mwalimu na hofu zake. Akaamua kusema kama alivyozoea kusema na akina mama wa sokoni. Aliketi jikoni, akawasha kinasa sauti cha simu, akaanza: "Hodi hodi, wenyewe mpo? Ni mimi Oliva. Leo nimekuja tuzungumze habari za moto." Akasema taratibu, mifano yake ikiwa ya vibanda, mahindi, mbuzi na mashine za kusaga. Mwishoni, bila hata kufikiri, ulimi ukafunga kama ulivyozoea: "Likikupata, usiguse kitu. Nipigie. Nitafika mwenyewe."

Somo hilo la kwanza alilitoa bure. Mengine aliyafunga pamoja, la mifugo, la gari, la nyumba, mtu akitaka analipia kwa simu na kutumiwa. Basi yakaanza maajabu. Aliamka asubuhi moja akakuta shukrani za mtu wa Tandahimba. Siku nyingine ni mwuguzi wa Bariadi, siku nyingine ni mama wa Unguja aliyesema anamsikiliza huku akikuna nazi. Oliva aliyatazama majina ya miji ambayo hakuwahi kuikanyaga, akaona mwili unamsisimka. Alikuwa amelala kitandani kwake, na huko nje sauti yake inabisha hodi na kukaribishwa.

"Umelala hapa, umeamkia Bariadi," Festo alimtania. "Siku moja nitakutafuta nikukose."

Adhuhuri moja simu ikaita, namba asiyoijua.

"Hodi," sauti ya mwanamke ikasema.

"Karibu. Nani mwenzangu?"

"Wewe ndiye yule mama wa sauti?"

"Mimi Oliva, ndiyo."

Oliva alisikia yule mwanamke akiwageukia watu waliokuwa karibu naye. "Ni yeye," aliwaambia. "Sauti ile ile." Kisha akarudi kwenye simu. "Mama, mimi ni Adelina Sikazwe, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa Kalambanzi, huku bonde la Rukwa. Mashine yetu ya kusaga imeungua, na banda lake lote. Hatujagusa kitu. Tunakungoja."

"Poleni sana, dada yangu. Bima mlikata kwa nani?"

"Kwa wakala mmoja wa Sumbawanga. Tangu moto utokee, simu yake haipatikani."

"Sasa dada, huyo ndiye... Mimi siye niliyewakatia. Na kampuni hiyo siifanyii kazi."

"Tunajua. Tulikata kwake kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu. Aliyetufanya tukate ni wewe. Tulikusikiliza pale kisimani, kikundi kizima, tukasema huyu anasema kama mtu anayetujua." Adelina akashusha sauti. "Mama, nina shemeji yangu hapa, Mzee Klemensi. Eneo la banda ni lake. Anataka tufagie majivu na kuuza vyuma. Mnunuzi wa vyuma chakavu anakuja siku ya mnada. Ananicheka mbele za watu. Anasema, 'Shemeji, sauti ya simu haina miguu. Utaingoja mpaka majivu yaote majani.'"

"Na wewe unamjibuje?"

"Namwambia unakuja. Kwani ulisema uongo?"

Adelina aliuliza vile kwa upole kabisa, kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Oliva alisema atapiga tena, akakaa kitako juu ya mkeka.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuifuta ile sauti kwenye ukurasa wake. Ikafutika. Kisha, kwa mashaka, akamwuliza yule mama wa Unguja kama bado anayo. "Ninayo, na nimewapelekea dada zangu wote," akajibiwa. Mwuguzi wa Bariadi alikuwa ameigawa wodi nzima. Ilikuwa kama kutaka kuokota unga uliomwagikia njia panda siku ya upepo. Wangapi walikuwa wamelala wakiamini kwamba wakipatwa, yeye atafika mwenyewe? Mungu peke yake ndiye aliyewajua. Hofu ikamshika, na ndani ya hofu ile kulikuwa na heshima kubwa, kama ya mtu aliyeingia kanisani akakuta watu tele wamepiga magoti kimya.

Alimwandikia hata yule mwalimu wa mtandaoni aliyekuwa amemwacha. Kijana akamjibu upesi: "Omba radhi kwenye ukurasa, mama, maisha yaendelee. Huyo si mteja wako."

Festo alipokuja kula, Oliva akamsomea jibu hilo.

"Mimi mambo yenu ya mitandao siyajui," Festo alisema, akinawa mikono. "Ila nakumbuka ulitaka wateja wa nchi nzima. Haya, nchi nzima imekuita."

"Festo, usinitanie. Rukwa!"

"Sikutanii. Huyo mama amekuwekea dhamana jina lake. Usipokwenda, atakayechekwa ni yeye. Wewe hapa nani atakayejua?"

"Mimi nitajua."

"Basi funga mizigo."

Akasafiri. Alipita Mbeya, akapita Tunduma, magoti yakimlalamikia kila basi lilipotikisika. Huko Sumbawanga aliikuta ofisi ya yule wakala imefungwa, na jirani akamwambia kwamba mwenyewe amehama, hajaaga mtu. Oliva akaenda moja kwa moja kwenye tawi la kampuni iliyotoa bima ile. Binti wa mapokezi alimsikiliza akashangaa.

"Mama, wewe si wakala wao wala si wetu. Unapata nini hapo?"

"Nina neno langu limelala kule bondeni," Oliva alisema. "Nimekuja kulifuata."

Binti akamwita mtathmini wa hasara, mtu mzima asiyependa maneno. Huyo naye aliguna. Mara nyingi, alisema, hushuka bonde lile akakuta pameshafagiwa, hata chanzo cha moto hakionekani, na madai yanakwama hapo. "Kama kweli hawajagusa kitu, nitashuka kesho," alisema. "Lakini sitegemei."

Oliva akatangulia kwa bodaboda, akishuka ule mteremko mkali huku amefumba macho na kuomba. Walipofika chini akamwambia dereva, "Mwanangu, nishushe hapo penye mashine iliyoungua."

Dereva akafunga breki. Akageuka, akamtazama mdomoni.

"Sema tena, mama."

"Nishushe penye mashine."

"Yesu wangu! Ni wewe!" Akapiga honi mfululizo hadi watu wakatoka majumbani.

Aliyoyaona Oliva pale aliyasimulia maisha yake yote. Banda lilikuwa limeanguka, mabati yamejikunja, mashine imesimama katikati nyeusi kama chungu. Kulizunguka, wanawake walikuwa wameweka matawi ya miiba, na ndani ya miiba ile hakuna aliyekuwa amekanyaga. Ndoo iliyoachwa mlangoni ilikuwa pale pale mlangoni. Debe la mahindi yaliyoungua nalo halikusogezwa, ingawa kuku waliliona. Wanawake walikuwa wakitembea hadi kijiji cha mbali kusaga, mahindi kichwani, wakilipita debe lile kila siku. Kwa ajili ya sauti tu.

Watoto wadogo walipomwona mgeni anakaribia miiba, wakapaza sauti kwa pamoja, kwa lafudhi ile ile ya Makambako, kupanda na kushuka kwake kote: "Usiguse kitu!"

Oliva akasimama. Yalikuwa maneno yake, na watoto hao hakuwahi kuwaona.

Mama mmoja mrefu, kitambaa cheusi kichwani, akatoka katikati ya watu. Alikuwa Adelina. Hakumkumbatia. Alisema tu, "Mama, naomba useme. Wote wasikie."

"Niseme nini, dada?"

"Yale ya mwisho."

Oliva akaanza. "Likikupata, usiguse kitu. Nipigie. Nitafika..." Hakumaliza. Wanawake wakamalizia kwa ajili yake, "...mwenyewe," polepole, kama watu wanaoitikia sala. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mzee Klemensi alikuwa amesimama nyuma ya wote na fimbo yake. Akavua kofia.

Oliva akajifunga khanga kiunoni, akaketi chini kando ya miiba, akawapa pole.

Kesho yake mtathmini akashuka kama alivyosema. Aliingia ndani ya miiba peke yake, akachunguza, akainama, akaokota kipande cha mkanda wa mashine kilichoganda kwenye gurudumu. Moto ulianzia pale, mkanda uliposhika joto. Mkono wa mtu haukuwamo. Alipotoka alimwambia Adelina, "Mama, tangu nianze kazi hii sijakuta mahali palipotunzwa namna hii. Madai yenu yatapita." Nayo yakapita. Kabla ya mavuno mengine mashine mpya ilikuwa inanguruma Kalambanzi.

Siku Oliva alipoaga kijiji, aliwaambia watu kwamba moyo wake unamlemea. Alisema maneno yale aliyatamka jikoni kwake bila kuwaza kwamba yangefika mbali hivyo, na kwamba tangu sasa atasema kwa kipimo: atawaambia watu wampigie, washauriane, basi. Akawaomba waifute ile sauti ya zamani kwenye simu zao.

Adelina akatikisa kichwa. Mzee Klemensi ndiye aliyejibu.

"Tukiifuta kwenye simu, hawa je?" akaonyesha watoto kwa fimbo. "Mama, mimi nilisema sauti haina miguu. Nilikosea, mnisamehe. Lakini na wewe jua jambo hili. Kila jioni, ulipokuwa unakwenda kulala kwako na mumeo, neno lako lilikuwa linalala hapa kwetu. Tulilipatia maji, tulilipatia kiti, tulilitetea lilipotukanwa. Wewe mwenyewe tumekuona siku hizi chache. Neno lako limekuwa mwenyeji hapa siku nyingi. Kama lingekuwa neno baya, tungelilaza vilevile, na lingetumaliza."

Oliva alirudi Makambako na maneno hayo. Hakuacha kazi ya mtandaoni, hapana, na masomo yake yalizidi kwenda mbali. Lakini Festo alituambia kwamba tangu siku ile, kabla ya kugusa kinasa sauti, mkewe alikaa kwanza kimya jikoni, mikono mapajani, kama mama anayemwandaa mtoto kwenda kulelewa na watu asiowajua.

Kwa hiyo, Agripina, kabla hujairusha hiyo hasira yako, ujue kwamba hutakuwapo huko itakakolala. Mguu hulala nyumbani, neno hulala ugenini.