Kapu Moja, Kisha Moto

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmeshiba usingizi? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, kabla watu hawajakijua kiberiti, palikuwa na kijiji mlimani. Kijiji cha njaa. Mvua ikinyesha, maji yanateremka, shwaaa, yanapita mbele ya milango, yanakwenda zake. Mababu walikuwa wamechimba bwawa la udongo la kuyazuia, wakaliita ndiva. Lakini ukingo wake ulibomoka. Watu wa juu walisema, "Wazibe wa chini, ndio wanaokunywa." Watu wa chini wakasema, "Wazibe wa juu, ndio walio karibu." Miaka ikapita. Ukingo wazi, vyungu vitupu.

Katika kijiji hicho aliishi Kisaka. Huyu Kisaka, ndugu zangu, hatulii. Akikaa, anasimama. Akisimama, anatembea. Mkewe Namkunda akimpa kigoda, kigoda hakipati joto. Kila kukicha anafunga mzigo ahame. Kila jioni anaufungua.

Aliishi humo pia bibi kizee, Bi Nakijwa. Mali yake moja tu: moto wake hauzimiki. Waliozimikiwa wote walikwenda kwake asubuhi na kigae, kuomba kaa.

Siku moja Kisaka akaenda, pu pu pu.

"Shikamoo, bibi. Naomba moto."

"Marahaba, mjukuu wangu. Moto upo. Lakini kachukue kapu la udongo, ukalimwage penye ufa wa ndiva. Kapu moja, kisha moto."

"Bibi, watoto wana njaa!"

"Ndiyo maana."

Kisaka akaenda akinung'unika. Akamwaga, puu! Akapewa kaa. Akaja mwingine. Kapu moja, kisha moto. Akaja mwingine. Kapu moja, kisha moto.

"Bibi kawa mchoyo uzeeni," waliambizana njiani.

"Usimseme, bado hujapika!"

Wakabeba. Wa juu wakabeba, wa chini wakabeba. Njaa haina juu wala chini.

Masika yalipokaribia, ufa ulibaki shubiri moja. Bi Nakijwa akapuliza pembe ya tandala: Puuu! Puuu! Kijiji kizima kikatoka na majembe, wakaziba, wakashindilia. Mungu akaleta mvua. Ndiva ikajaa, pomoni. Wakapanga zamu: mashamba ya chini kabisa yaanze, maana hayo ndiyo husahauliwa. Zamu ya Kisaka ikawa siku ya tano.

Siku ya tano! Kisaka akaenda kutazama maharage yake. Yamenyong'onyea. Akarudi nyumbani. Akaenda tena. Yamelala. Siku ya tatu, jua la utosi, wenzake wamepumzika, akalishika gogo linaloziba tundu la ndiva. "Nafungua kidogo tu," akasema.

Kidogo tu! Mungu anisamehe, mimi ninayewasimulia hiyo "kidogo tu" naijua. Nimeila sana, tena ya wenzangu.

Maji hayajui kidogo. Ukingo ulikuwa bado mbichi. Bwata! Ukapasuka. Ndiva yote ikateremka, na shamba la kwanza kusombwa likawa la Kisaka mwenyewe.

Pembe ikalia, Puuu! Kisaka akakimbilia mzigo wake. Namkunda kasimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Wapi?"

"Nahama!"

"Hama. Ila huko utafika na miguu hiyo hiyo."

Kisaka akautua mzigo. Akaenda uwanjani.

"Ni mimi," akasema. "Nilishindwa kungoja."

"Mbuzi! Atoe mbuzi!" watu wakapaza sauti. Ndiyo ilikuwa mila: mwenye kuharibu ndiva hutoa mbuzi, akaliwa siku hiyo hiyo. Na Kisaka alikuwa na mbuzi mmoja, ndiye anayempa mtoto maziwa.

Bi Nakijwa akauliza, "Ufa utazibwa kwa supu?"

Akawageukia wenye kupaza sauti.

"Tunataka mlinzi wa gogo. Mtu asiyekaa, asiyesinzia mchana. Mnamjua mwingine?"

Hata wenye hasira wakacheka.

"Bibi, mimi?" Kisaka akasema. "Fisi alinde nyama?"

"Fisi aliyekiri tumekwisha kuyaona meno yake. Wasiokiri ndio wananitia hofu. Na shamba lako litanywa la mwisho."

Wakaanza upya. Kapu moja, kisha moto. Naye Kisaka, kutwa juu ya ukingo, anakwenda, anarudi, pu pu pu. Udongo ukashikamana chini ya nyayo zake, ukawa kama jiwe. Mvua ikaja. Maji yakafika chini, yakafika kati, mwisho yakafika kwa Kisaka. Wa juu na wa chini walikuwa wamemchangia mbegu, konzi kwa konzi. Siku Namkunda alipopakua maharage, Kisaka alikula amekaa. Kigoda kikapata joto.

Bi Nakijwa alipofariki, pembe haikulia. Watu walikuja kaburini wenyewe, kila mmoja na kapu la udongo. Kisaka akamwaga lake, akarudi mbio kwenye gogo, maana ilikuwa zamu ya wa chini. Namkunda akaingia jikoni kwa marehemu, akachochea moto usizimike.

Ndugu zangu, umaskini wa wengi hauondolewi na mmoja. Huondoka kapu kwa kapu. Na mkosaji akikiri, mpeni kazi kabla hamjamla mbuzi wake.

Hadithi yangu naitua hapa kama kapu. Mwenye moto kwake, amgawie jirani.