Malkia wa Kibanda Umiza

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya wafalme, ni ile zamani ya juzi tu, televisheni kubwa ikiwa moja mtaa mzima, palikuwa na kibanda umiza, kibanda cha kuonyeshea picha, nyuma ya mashine ya kusaga. Mwenyewe aliitwa Mzee Mkumba. Kila Jumamosi mchana aliwaonyesha watoto katuni za ngano za kigeni, zile za binti wa kifalme na mama wa kambo mchawi. Watoto hawakuijua lugha ya picha, kwa hiyo kijana mmoja, Masudi, aliketi kando ya televisheni na kipaza sauti, akiwatafsiria. Masudi naye hakuijua sawasawa. Alikuwa akibahatisha, tena kwa kujiamini.

Binti wa kifalme Masudi alimtafsiri harakaharaka, maana kazi ya binti yule ilikuwa kulia, kuimba na kungoja aokolewe. Lakini malkia mchawi akitokea na joho lake la kijani, Masudi alikohoa kidogo, akaishusha sauti, na watoto wakasogea mbele mpaka Mzee Mkumba awarudishe nyuma. Picha ikiisha, huko vichochoroni hakuna aliyekubali kuwa binti wa kifalme. Wote malkia. Ungekuta kundi zima limejitanda kanga za mama zao, wanaamrishana, na wa kuamrishwa hayupo.

Sasa, mtaa huohuo aliishi Bi Tunu, mke wa fundi seremala. Alikuwa akimlea binti wa mumewe, Sikudhani, ambaye mama yake mzazi alifariki yeye akiwa bado ananyonya. Bi Tunu hakuwa mtu wa maneno laini. Alipenda kwa kufoka. Mtoto akijikwaa, kabla ya kumpa pole alimuuliza kwanza macho ameyaacha wapi.

Jumamosi moja Bi Tunu anatoka mashineni na unga wake, akasikia kipaza sauti kinanguruma: "Wewe mtoto, miguu umeiazima? Umekula? Ole wako ulale na njaa, nitakuamsha ule huku unalia."

Akasimama. Maneno yale yalikuwa yake. Alikuwa ameyasema jikoni kwake, mlango umefungwa. Na humo kibandani watoto wanacheka na kupiga makofi.

Tangu siku ile hakutulia. Akipika, anaacha sufuria anakwenda mlangoni. Akiketi, anainuka. Aliyeyapeleka maneno alimjua, angekuwa nani mwingine? Lakini kumuuliza hakuweza, kwa sababu aliliogopa jibu. Mtoto huyu niliyemlea, ananiona mimi ndiye yule mchawi? Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Aibu ya mtaa angeivumilia.

Jumamosi iliyofuata akaingia kibandani, akakaa benchi la mbele, mikono kifuani.

"Shikamoo, Bi Tunu," Masudi akasema, sauti imempwaya.

"Marahaba. Endelea na kazi yako."

Picha ikaenda mpaka mwisho, pale malkia anapoporomoka kutoka mnarani. Watoto wakaanza kulalamika, asife, asife. Masudi akamtupia jicho Bi Tunu, akaacha kutafsiri. Nani angethubutu kumuua malkia mbele ya mama yule? Ndipo Sikudhani alipoinuka kati ya watoto, akamnyang'anya kipaza sauti, akasema kwa sauti ileile ya jikoni kwao: "Sijafa mimi. Nimeteremka mara moja tu. Nikirudi nikute vyombo vimeoshwa."

Kibanda kizima kikalipuka kwa vicheko. Mzee Mkumba alifurahi hata akaingia chumba cha ndani, akatoka na doti mpya ya kanga. "Hii ni ya aliyetuletea malkia huyu," akasema. "Ajitokeze."

Masudi akawahi. "Malkia ni wangu, mzee. Kwenye picha yeye ni joho tu na mdomo unaochezacheza. Sauti nimempa mimi. Kicheko nimempa mimi. Bila mimi watoto wangemwogopa tu, wasingempenda. Kwa hiyo doti ni yangu."

Bi Tunu akasimama. Watu walidhani amekuja kugomba. "Sauti umempa, Masudi, sikatai. Maneno umeyatoa wapi? Kila alichosema malkia kimetoka jikoni kwangu. Nimeyasema nikiwa na homa, nimeyasema unga ukiwa umeisha. Nyinyi mmempenda kwa sababu kwenye picha nzima hakuna mwingine anayeuliza kama mtoto amekula. Kwa hiyo doti..." Akasita. Akiipokea, mtaa utasema mchawi amejitaja mwenyewe. Akiiacha, ameyatupa maneno yake kama si kitu. "Kwa hiyo doti ni yangu," akamalizia.

Wote wakamgeukia Sikudhani.

"Mimi ndiye niliyeyapeleka," mtoto akasema. "Kaka Masudi aliniuliza mchawi anaongeaje. Nikamwambia mama anavyoongea."

Bi Tunu akauliza lile swali lililokuwa likimzungusha nyumbani kutwa. "Ndivyo unavyoniona, Sikudhani?"

Mtoto akainama. "Nakuogopa, mama. Lakini binti wa kifalme, picha ikiisha, simkumbuki tena. Malkia namkumbuka. Na wewe ukitoka nakaa mlangoni nakungoja. Nikikusikia unafoka huko mbali, roho inatulia. Sikutaka afe, ndiyo maana nikasema vile."

"Na doti je?" Mzee Mkumba akamuuliza.

"Mimi sijui, babu."

Mzee Mkumba akabaki ameishika kanga, anamtazama huyu, anamtazama yule. Akimpa Masudi, basi malkia ni sauti tu, na mwanamke aliyekuwa akifoka na homa mwilini hakuwa kitu. Akimpa Bi Tunu, amemvika joho la mchawi mbele ya watoto wote wa mtaa. Akimpa Sikudhani, amemtuza mtoto aliyeyaanika ya jikoni kwao, na mtoto huyohuyo ndiye aliyemwokoa malkia asife.

Nanyi mnaotikisa vichwa hapo, msinitazame mimi. Watu ni watatu, doti ni moja, na Bi Tunu bado amesimama, hajui aketi au aende zake. Ingekuwa mikononi mwako, ungemkabidhi nani, ukijua kwamba Sikudhani anaangalia?