Kamba ya Fundi Nkuwi

Turubai likianguka, hulaumiwa mshika kamba. Mmeyasikia maneno hayo leo kwa yule dereva aliyefukuzwa kazi, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali, wajukuu zangu. Methali hii ilianzia hapahapa Singida, na siku ilipoanza nilikuwepo, tena nimeshika kalamu. Ilianza hivi.

Nilikuwa karani katika kampuni ya kukamua mafuta ya alizeti. Kampuni ilitimiza miaka kumi na mtambo mpya ulikuwa umesimikwa, basi meneja wetu, Bwana Kalugendo, akaamua kufanya hafla. Waje wakubwa kutoka makao makuu, na waje wakulima mia mbili waliokuwa wakituuzia mbegu. Kazi ya kuandaa akanipa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na sikuwahi kuandaa kitu kikubwa kuliko chai ya kikao.

Kila niliyemuuliza habari za turubai alinitajia mtu mmoja, Fundi Nkuwi wa Ilongero. Alikuwa na turubai lililoenea watu mia tatu, alilolishona mwenyewe na mkewe kwa miezi minne. Harusi, misiba, mikutano ya injili, yote aliifunika yeye.

Alikuja kukagua uwanja siku tisa kabla ya hafla. Nilidhani atatazama juu, kumbe alitazama chini, akitembea na kuipiga ardhi kwa kisigino. Nyuma ya ghala palikuwa na uwanja wa udongo, umekingwa na mikaratusi. Akasema turubai likae pale. Lakini meneja alitaka likae mbele ya mtambo, kwenye uwanja wa saruji ulio wazi upande wa mashariki, ili mtambo uonekane kwenye picha. Nkuwi akaeleza kwamba saruji haipokei vigingi, na kwamba Septemba ni mwezi wa vimbunga vya vumbi. Meneja akamjibu kuwa hakumwita kutabiri hali ya hewa. Mwishowe wakakubaliana turubai lisimame pale kwenye saruji, ila kila kamba ifungwe kwenye pipa lililojaa maji. Mapipa ishirini na manne. Nikaandika kwenye daftari langu, na Nkuwi akaniomba nimsomee nilichoandika.

"Dada," akaniambia, "pipa moja likiondoka, mengine yanabeba mzigo usio wao. Usikubali liondoke hata moja."

Nikamwahidi.

Siku ya hafla turubai lilisimama jeupe, zuri, kila mtu akalisifu. Saa tatu asubuhi meneja akalizunguka, akasimama upande wa mbele. Mapipa yale yalikuwa na kutu, akaona yanaharibu sura. Akaniagiza manane ya mbele yaondolewe na kamba zake zifungwe kwenye miguu ya jukwaa. Nikamweleza alichosema fundi, kwa sauti ndogo ambayo hata mimi niliisikia kwa shida. Akasema wageni wako njiani, na kama kazi imenishinda nimwambie. Sikumwambia. Nikawaita wapakiaji wa ghalani, wakamwaga maji na kuyabingirisha mapipa nyuma ya mtambo.

Nkuwi alikuwa upande wa nyuma akikaza nguzo. Alipozunguka na kuona, wageni walikuwa wameshaanza kuketi. Aliniuliza nani ameagiza, nikamtajia. Akamfuata meneja, na nikamwona meneja akimpungia mkono kama mtu afukuzaye nzi. Nkuwi akarudi, akasimama kwenye kona ya mbele karibu na kamba kubwa, na hakuondoka hapo hotuba zote.

Saa saba mchana tukaona vumbi jekundu linavuka barabara, refu kama mnara. Lilipotufikia, upande wa mbele wa turubai ukainuka wote na jukwaa likaanza kuburuzwa. Nkuwi aliikamata ile kamba, akaizungusha mkononi, akajilaza nyuma visigino vikikwaruza saruji. Akatuambia tuwatoe watu kwa upande wa nyuma. Tukawatoa. Sijui alishika kwa muda gani, ila watu wote wale walipita, wakubwa kwa wakulima, isipokuwa mmoja. Mama Nyamwiko, mkulima mzee wa Mtinko, alitembea kwa mkongojo, nasi tulikuwa tumemkalisha mstari wa mbele kwa heshima. Nilirudi kumchukua. Zilibaki kama hatua kumi nimfikie, kamba ikakata kiganja cha Nkuwi mpaka mfupani, ikachomoka. Nguzo ya kati ikamwangukia yule mama kwenye nyonga. Hakutembea tena maisha yake yote.

Waliokuwa nje waliona jambo moja tu: mtu ameshika kamba, ameiachia, turubai limeanguka.

Siku tano baadaye kiliitishwa kikao, na mkuu kutoka makao makuu ndiye aliyekiongoza. Mimi niliandika muhtasari. Meneja alisema fundi hakufunga vizuri, na kwamba aliachia kamba mbele ya macho ya watu. Nkuwi akasimama, bandeji imefika kwenye kiwiko. Akasema mapipa yalikuwa ishirini na manne, manane yakaondolewa asubuhi ile, na karani anajua kila kitu.

Mkuu akanigeukia. "Binti, nani aliyeagiza mapipa yaondolewe?"

Daftari lilikuwa mapajani mwangu. Meneja hakunitazama, wala hakuhitaji kunitazama. Nilikuwa na mama mgonjwa na wadogo zangu wawili shuleni. Hizo ndizo sababu zangu, na nimejisimulia miaka yote hii bila kunifaa kitu. Nikasema sikumbuki vizuri, siku ile nilikuwa na mambo mengi.

Nkuwi akanitazama. Laiti angekasirika, ningepata pa kushika. Kisha akawaambia wote mle chumbani, "Nimeelewa. Turubai likianguka, hulaumiwa mshika kamba." Akachukua kofia yake, akatoka.

Mkuu akaniambia maneno hayo hayahitajiki kwenye muhtasari. Nikayafuta kwa mstari. Lakini wale wapakiaji walikuwa wamekaa nje ya mlango, wakingoja kuitwa waeleze walichokiona. Hakuna aliyewaita, ila waliyasikia maneno hayo. Jioni yakawa sokoni, na masika yalipofika hata watoto wa shule walikuwa wakiyasema.

Nkuwi hakuitwa tena kwenye shughuli yoyote. Nani amwite fundi aliyeachia kamba? Vidole vyake vitatu havikukunjika tena, sindano ikamshinda, na lile turubai akalikata vipande vya kuanikia mtama.

Mwaka uliofuata, mama yangu alipokuwa ameshafariki, nilikwenda Ilongero kuomba radhi. Mke wake aliniletea kiti. Nkuwi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama nimekwenda kwa yule mama wa Mtinko. Nikasema bado.

"Basi anzia kwake," akasema. "Mimi mkono tu."

Nikaenda. Mama Nyamwiko alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, mjukuu wake akimlisha uji. Nikapiga magoti, nikamweleza yote: mapipa, agizo la meneja, ahadi niliyoivunja, na uongo wangu kwenye kikao. Nikamwambia fundi hana kosa, kwamba bila yeye wangeumia wengi. Alinipapasa kichwani kama mtu anayembembeleza mtoto.

"Una moyo mwema, mwanangu, kutaka kumbebea mwenzio," akasema. "Lakini mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nilimwona kwa macho yangu. Kamba alikuwa ameishika yeye."

Nikarudia kumweleza. Akafumba macho, akasema amechoka. Alikufa miaka miwili baadaye akiamini alichokiona, na Nkuwi, niliyempelekea jibu lake, naye akafa akijua kwamba mama yule aliamini hivyo.

Mmeuliza, nami nimewajibu. Turubai likianguka, hulaumiwa mshika kamba.