Vidole Visivyosomeka

Wapendwa, huko milimani kulikuwa na mkulima mmoja wa viazi, mtu wa jembe tangu ujana wake. Mkewe alipatwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, akawa wa kushikwa mkono hata kwenda jikoni. Hospitali ilikubali kumpasua, ila kwa bima ya familia, na bima ikataka kitambulisho cha baba. Mzee hakuwahi kuwa nacho. Kijijini kwao nani angemuuliza yeye ni nani?

Basi binti yake wa pekee, mwalimu wa sekondari mjini, akaomba ruhusa kazini, akampeleka kwenye ofisi ya vitambulisho.

Niwaambie siri ya huyu binti. Alimpenda baba yake, lakini mikono ya mzee aliionea haya. Ilikuwa imepasukapasuka, na kwenye kucha kulikuwa na udongo ambao hakuna sabuni iliyouweza. Siku ya mahafali yake ya chuo alimwomba baba asipeane mikono na walimu. Baba akakaa viti vya nyuma kutwa nzima, mikono mfukoni, na jioni akamshukuru binti kwa soda aliyoletewa.

Zamu yao ikafika. Mzee akaambiwa aweke kidole kwenye mashine. Akaweka, mashine ikakataa. Cha pili, ikakataa. Karani akapangusa kioo, akampa mzee kitambaa chenye spiriti, wakajaribu vyote kumi. Wapi! Foleni ikaanza kuguna.

"Mzee, alama zako zimefutika," karani akasema. "Umefanya kazi gani?"

"Kulima tu, mwanangu. Miaka hamsini na miwili."

"Basi mashine haikutambui."

Mzee akauliza kwa upole kama mkewe angeweza kupasuliwa hata hivyo. Hakuuliza lingine.

Karani akasema njia imebaki moja: mtoto wake wa kumzaa amshuhudie, naye aweke alama zake. Binti akaweka kidole. Mashine ikalia papo hapo, na kwenye skrini ikatokea alama safi, kila mstari mahali pake. Mzee akainama kuitazama, uso ukamng'aa.

"Mungu ashukuriwe," akasema. "Wewe zako zipo zote."

Miaka yote binti alizoea kusema kwamba amefika alipofika kwa juhudi zake. Sasa akakumbuka kila asubuhi aliyoshika jembe likizoni, na baba akampokonya, akamwambia, nenda kashike daftari.

Karani akamsomea swali la ushahidi: je, unamfahamu huyu?

Binti akaishika ile mikono, yote miwili, mbele ya foleni nzima, akaibusu.

"Namfahamu," akasema. "Nilichelewa tu."

Kitambulisho kikatoka, mama akapasuliwa, akaona.

Sasa nawauliza ninyi mlioketi hapa. Hiyo Biblia unayoisoma bila kusomewa, ni vidole vya nani vilifutika ili wewe uisome? Sisi tuna desturi yetu. Mtu akifa tunasimama kando ya jeneza na karatasi mkononi: marehemu alikuwa mkulima hodari, alikuwa baba mwenye upendo. Tunasoma huku tunalia, na machozi ni ya kweli. Lakini yule aliyepaswa kuyasikia hayo, hasikii. Yule binti alichelewa, ndiyo, ila alimkuta baba yake yu hai. Wangapi kati yetu tutapata bahati hiyo?

Amri haikusema tuwaheshimu marehemu. Ilisema, waheshimu baba yako na mama yako. Kama wako wametangulia, mshukuru Mungu aliyekupa watu wale, kisha mtafute mzee wa jirani asiye na wa kumshika mkono. Na kama wangali hai, ndugu yangu, leo ukitoka hapa usianzie nyumbani kwako.

Nendeni kwa amani. Na njiani mpitie kwao.