Ndiva ya Kutazamwa

Mtu mmoja wa milima ya Upare alikufa akaacha watoto wawili, Nankondo na mdogo wake Elinami, pamoja na shamba la matuta ubavuni mwa mlima. Juu ya shamba palikuwa na ndiva, bwawa la ukuta wa udongo lililokusanya maji ya chemchemi usiku kucha. Alfajiri lilifunguliwa, maji yakashuka kwa mfereji hadi kwenye tangawizi na maharage ya watu wa bondeni. Ndiva haikujengwa ijae ikae. Ilijengwa ijae itoe.

Wala haikufunguliwa kimyakimya. Katikati ya mteremko mfereji ulipita ndani ya ufa wa mwamba, kina kirefu kuliko mtu, na aliyekuwamo humo hakuwa na pa kushika. Kwa hiyo mfunguaji alisimama ukutani akaita, "Majiii!" na hakugusa kizibo mpaka bondeni waitikie, "Tumetoka!" Kazi hiyo Nankondo aliirithi kwa baba yake. Kwa miaka kumi na tisa maji hayakuchukua hata mbuzi.

Ndipo Elinami aliporudi kutoka mjini na ramani. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalochosha. Alivunja zizi, akajenga vibanda vitano vya wageni wa mapumziko, akaficha mabati kwa nyasi ili vionekane vya zamani. Kimoja akakiita Zizini. Watu wenye shahada zao wakasafiri kutwa nzima ili walale mahali ambapo mbuzi walikuwa wakilalamika. Aliacha tuta moja la mahindi, la kupigia picha, na Nankondo akavalishwa kaniki alipalilie kila alasiri, ingawa halikuwa na gugu hata moja.

Wageni waliipenda ndiva ikiwa imejaa, mawingu yakionekana ndani yake. Basi ikaachwa ijae, ikawa inafunguliwa Jumatatu tu. Waliupenda pia ule wito. Elinami akawafundisha. Kila jioni walijipanga ukutani, vikombe mkononi, wakaita "Majiii!" wakacheka, wakaenda kula.

Siku za mwanzo wanawake wa bondeni walitupa majembe, wakatoka mferejini, wakasimama kandokando kungoja maji ambayo hayakuja. Baadaye wakaacha kutoka. Mwishowe wakaacha kuitikia. Nankondo alimwambia ndugu yake kwamba neno lile si la kuchezea. Alijibiwa kwa upole, kama anavyojibiwa mtu aliyepitwa na wakati: "Dada, si wanaenzi utamaduni wetu?"

Mwaka wa tatu masika yalipiga siku nne bila kupumzika. Asubuhi ya tano Nankondo aliuona ukuta wa ndiva ukitoka jasho. Akauwekea kiganja, kikazama. Hapakuwa na la kufikiri: ndiva ifunguliwe, au ukuta uondoke na maji yote kwa mkupuo. Lakini siku ile haikuwa Jumatatu. Ilikuwa siku ya msaragambo, kazi ya pamoja, na wanawake kumi na mmoja walikuwa ndani ya ufa wakizoa tope. Aliusikia wimbo wao ukipanda.

Akaita. Wimbo ukaendelea. Akaita tena, mpaka sauti ikapasuka. Kutoka chini ikaja sauti ya Naetwe, mke wa binamu yake, na vicheko nyuma yake: "Leo wageni mmewahi! Chai bado haijachemka!"

Elinami alifika mbio, miguu peku, akakishika kizibo kwa mikono miwili. "Nifungue, dada? Nifungue?" Akifungua, maji yangewakuta ufani. Asipofungua, yangewakuta na ukuta wake. Kwa mara ya kwanza alikuwa mbele ya kitu ambacho hakikuwa na upande wa kupigia picha.

"Usiguse," alisema Nankondo. "Sauti yetu tumeshaiuza. Acha niende na miguu."

Alishuka kwa mfereji wenyewe, kwa kuwa njia ya kuzunguka ilikuwa ndefu. Alianguka mara mbili. Alipotokeza mdomoni mwa ufa, walimwona uso, wakatupa majembe. Akaingia kati yao, wakaanza kupandishana. Naetwe alikuwa na mabega mapana, kwa hiyo yeye ndiye aliyekanyagwa. Kumi wakatoka juu yake, na Nankondo akatoka juu yake. Kisha Nankondo akalala kifudifudi ukingoni, akanyoosha mkono, akampata kwa kifundo cha mkono. Juu yao ukuta wa ndiva ukatoa mlio kama wa kitambaa kinachochanwa. Alikuwa amemshika Naetwe. Halafu akawa ameshika tope.

Vile vibanda vitano vimesimama hadi leo. Havikupata hata ufa. Naetwe alipatikana chini sana, kwenye tangawizi. Siku ya maziko Elinami alipiga magoti kaburini, akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Watu wa bondeni walisimama wakamtazama, bila chuki, wakingoja amalize.

Nanyi mnaosema mngekuwa bondeni mngesikia, niambieni: kosa la Naetwe lilikuwa lipi?