Naetwe Aliyekataa Kuketi

Zamani, wajukuu zangu, zamani ambayo hata bibi yangu alipoisimulia aliiita zamani, misitu ya milima hii ilifika hadi milangoni mwa watu. Mimi sikuwepo. Aliyenisimulia hakuwepo. Lakini mambo yalikuwepo, na watu walikuwepo, na walikuwa na majina. Sogeeni karibu. Nanyi wa nyuma acheni kusukumana, maana hiki si kisa cha kuchekea.

Juu mlimani palikuwa na kijiji kilichoitwa Ngalaa. Maji ya Ngalaa yalipatikana mahali pamoja tu, chini kabisa korongoni, na njia ya kushukia huko ilikuwa nyembamba, jiwe juu ya jiwe. Katika boma moja la kijiji hicho waliishi wifi wawili. Mmoja aliitwa Naetwe, mke wa mwenye boma. Mwingine aliitwa Kalekwa, dada wa huyo mwenye boma, mjane asiye na mtoto. Naetwe alikuwa mwepesi wa mikono, na akicheka kule korongoni, walio juu walimsikia. Kalekwa alikuwa mtu wa polepole. Walipendana. Hilo mlishike, kwamba walipendana.

Basi ikaja ndui. Ikapanda mlima pamoja na wageni waliokuja kubadilisha nafaka kwa majembe. Ikaingia nyumba ya kwanza, ikaingia ya pili, ikaacha kubisha hodi. Ikamchukua mume wa Naetwe. Ikawachukua wanawe wawili wa kiume, mkubwa asubuhi, mdogo jioni. Akabaki na binti mmoja tu, Nakijwa, wa umri kama wa huyu aliyekaa hapa miguuni pangu.

Naetwe hakulia. Aliwafunika wanawe, akajifunga nguo kiunoni, akaenda kwa jirani kumwosha mgonjwa. Na tangu siku ile ikawa hivyo. Aliamka, akachota, akapika, akaosha, akazika. Kukicha tena, akachota, akapika, akaosha, akazika. Alikula amesimama, kisha akaacha kula. Alisinzia ameegemea ukuta, kisha akaacha kusinzia. Na watu wakamsifu. Walisema, "Huyu ndiye mwanamke. Bila Naetwe tungekuwa tumekwisha."

Na Kalekwa je? Kalekwa naye alichota, naye aliosha wagonjwa, naye alizika. Ila kila asubuhi, kabla ya kumgusa mgonjwa yeyote, alipasha maji kidogo akanawa uso. Alikaa kizingitini jua likimpiga kifuani, akanywa uji wake taratibu mpaka ukaisha. Akitoka makaburini alioga, akajipaka miguu mafuta ya nyonyo, akalala. Na ikifika saa ya kulia, alilia, kwa sauti, kila mtu akisikia.

Mnadhani walimsifu? Walimsema. Mzee Senzia, mkubwa wa kijiji, alimkuta kizingitini akamwambia, "Mama, watu wanakufa na wewe unakunywa uji."

Kalekwa akajibu, "Nakunywa, baba. Nikimaliza nakuja kwako kumgeuza mkeo."

"Wifi yako hajakaa tangu kulipokucha."

"Najua. Ndilo linalonitisha."

Mzee akatema mate pembeni, akaenda zake.

Siku moja, jua likiwa utosini, Kalekwa alimwona Naetwe akivuka uani na kibuyu kikubwa kitupu mgongoni, akielekea korongoni. Alikuwa anatembea macho yamefumba. Hebu fikirini, wajukuu zangu, mtu anatembea amefumba macho na miguu inakwenda yenyewe. Kalekwa akamshika mkono.

"Wifi, keti kidogo."

"Maji yamekwisha kwa kina Senzia."

"Nitakwenda mimi. Keti. Uji huu hapa, bado una moto. Nitakuosha miguu, imepasuka."

"Niache, wifi."

"Unajiua, Naetwe."

Ndipo Naetwe akafumbua macho. Akanong'ona, maana Nakijwa alikuwa karibu akipepeta mtama. "Nikiketi nitawaona. Wote watatu. Nikisimama tu hapa nawasikia. Unataka niketi ili waje wanikalie mapajani?"

Kalekwa akamsogelea. Akasema, "Wakija tutakuwa wawili. Nitakaa nawe."

Naetwe akamtazama, kana kwamba anataka kuketi. Halafu akajitoa mkononi mwake, akaenda.

Hakurudi. Walimkuta chini ya njia ile nyembamba, kibuyu kimepasuka, kichwa kimelalia jiwe. Hapakuwa na alama ya kuteleza. Waliomwona akishuka walisema alikuwa kama mtu aliyelala anatembea, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Wakamzika kando ya wanawe. Siku ile kina Senzia hawakupata maji. Mke wa mzee aliomba maji mpaka jioni, kisha hakuomba tena.

Nyamazeni. Najua ni vibaya. Ndivyo ilivyokuwa.

Asubuhi iliyofuata, Nakijwa alijifunga nguo kiunoni. Hakulia. Akachukua kibuyu kingine, akaelekea korongoni. Watu waliokuwa uani wakampisha njia, na Mzee Senzia, mwenyewe ametoka kumzika mkewe, akasema, "Mwacheni. Huyo ni mtoto wa mama yake."

Kalekwa akaweka chini bakuli lake. Yule mtu wa polepole alikimbia, akasimama mbele ya mtoto, akamtua kibuyu.

"Huyu ataketi," akasema.

"Unamzuia mtoto kusaidia watu?" Mzee akauliza.

"Atasaidia akishakula na akishalala. Yule mmoja mlimsifu mpaka kaburini, baba, na mimi nilimshika mkono nikamwachia. Huyu simwachii."

Kalekwa akaenda mwenyewe kuchota, akarudi, akapasha maji, akamwosha mtoto uso. Akamkalisha kizingitini, akampa uji. Mtoto akaketi. Na yale aliyoyaogopa mama yake yakamjia. Aliwaona, baba yake, kaka zake, na mama yake sasa. Akalia, akapiga miguu, akamwaga uji, akamng'ata shangazi yake mkono. Kalekwa hakumwambia nyamaza. Alikaa naye mpaka akachoka, akampikia uji mwingine.

Kesho yake akafanya vilevile. Maji ya moto, uso, jua, uji, kilio. Keshokutwa vilevile. Mtoto hakupona haraka, msidanganywe na mtu. Lakini alilala, na aliyelala huamka na mikono inayoshika. Baada ya muda akaanza kubeba kibuyu kidogo, Kalekwa mbele, yeye nyuma, wakipumzika katikati ya njia.

Majirani wakaona. Kwanza alikuja mwanamke mmoja, akakaa kizingitini. Kisha mwingine. Mzee Senzia alikuja wa mwisho. Kalekwa akampa maji ya moto anawe uso, na mzee akainamisha uso ndani ya viganja vyake, asiuinue kwa muda.

Ndui iliondoka ilipotaka yenyewe. Ngalaa haikusimama tena. Waliobaki walikuwa wachache, wakashuka wakajenga kwingine, na leo huko juu hakuna kitu ila mawe ya makaburi. Nakijwa alikua, akazaa, akazeeka. Wanawe walipomuuliza kama aliwahi kuacha kuwaona wale waliokufa, alisema hapana. Alisema huja asubuhi, akiwa kizingitini, naye huwaacha wakae mpaka amalize uji, kisha huenda shambani.

Nami nawaambia, wajukuu zangu, mtu ukiwa na kazi na ukiwa na msiba, nawa uso, kula umeketi, lia, lala. Usingoje kupewa ruhusa na watu, kwa sababu watakusifu ukiwa unaanguka. Na ukimwona mwenzako anatembea amefumba macho, mshike, usimwachie.

Kisa nilikikuta njiani, nimekibeba hadi hapa, nimekitua. Anayekiweza akibebe. Sasa nendeni mkanawe, mlale.