Wagonjwa wa Kubuni

Ndugu zangu katika imani, mifano ya wakulima na wachungaji nimewachosha nayo. Leo chukueni mwalimu mmoja wa kompyuta.

Mwalimu huyu alifundisha udukuzi. Msinitolee macho! Alifundisha ule wa halali: mwenye mali anakuita mwenyewe, anakwambia, "Jaribu kuingia, unionyeshe mlango mbovu kabla mwizi hajauona." Ufundi huo haupatikani kwa kusoma tu, mpaka mkono uzoee. Kwa hiyo alikuwa na chumba chenye kompyuta sita, na waya wa intaneti umechomolewa ukutani. Humo mwanafunzi avunje atakavyo, hakuna mtu wa nje atakayeumia. Sharti lilikuwa moja: kabla hujagusa kitu, andika kwenye karatasi umeruhusiwa kufika wapi, kisha utie saini.

Siku moja hospitali ikaomba mtu wa kuwapimia kompyuta zao. Kazi ya kudumu. Darasani alikuwemo binti hodari kuliko wote, na mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba kazi ni ya mwanawe.

Mwalimu akatengeneza hospitali ya uongo ndani ya kompyuta moja, akaijaza wagonjwa wa kubuni. Karatasi ya mtihani ikasema: tafuta mlango ulio wazi, ukiupata simama hapo, uniite. Binti aliupata kwa dakika ishirini. Mwenzake mmoja, mzito kidogo, alitoka jasho saa tatu nzima. Mwalimu akamteua huyo wa saa tatu.

Binti akamfuata. "Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Kompyuta iliandika kila hatua yako. Mlango uliupata, lakini hukusimama. Uliingia, ukasoma habari za baba anayemficha mkewe ugonjwa, ukawasimulia wenzako mkacheka."

"Lakini Mwalimu, wale si watu! Umewabuni wewe mwenyewe! Na waya umechomolewa. Nimemuumiza nani?"

Mwalimu akamjibu, "Wagonjwa niliwabuni, binti yangu. Aliyewasoma sikumbuni."

Binti yule alilia, na mimi namwonea huruma, kwa sababu namjua vizuri. Ni mimi. Ni wewe uliyekaa safu ya mbele pia.

Hebu tuulizane. Adhuhuri, jua kali, una saumu, unatawadha peke yako, mlango umeufunga. Maji yamo mdomoni. Ukimeza, nani atajua? Wala humezi, unayatema. Maji ya halali, ya bomba lako mwenyewe, unayatema! Kisha mdomo huo huo unatoka nao barazani, unakutana na siri ya jirani yako. Hiyo mbona hatuitemi? Tunaimeza, tena tunampa na wa pili aonje.

Mwezi huu ndio chumba chetu, ndugu zangu. Mola ametufundisha kujizuia kwa vitu vilivyo vyetu, ili tutakapofika kwenye vya watu tuwe tumezoea. Tukishindwa humu, huko nje atatuamini nani na wagonjwa wa kweli?

Karatasi tunaitia saini kila alfajiri tunaponuia, na kila hatua inaandikwa. Zimebaki siku tisa. Ukiona mlango wa mwenzio uko wazi leo, kabla hata ya futari, simama hapo hapo. Usiingie.